Noah ipi? Kulijua gari lako kabla ya kununua spea na kushika spana

Ukisimama nusu saa kwenye duka la spea hapa Tanga mjini, utasikia swali moja likirudiwa mara nyingi kuliko salamu. Kijana anaingia, jasho linamtoka, anasema katumwa pampu ya maji ya Noah. Muuzaji hageukii hata rafu. "Noah ipi, mdogo wangu?" Kijana anajibu, "Noah tu, kaka. Ya mzee." Simu inapigwa, mzee hapokei. Mwishowe linatolewa boksi moja kwa kubahatisha, kijana anapanda bodaboda kurudi Pongwe, na baada ya saa mbili yuko kaunta tena na boksi lile lile. Sasa limefunguliwa, lina alama za vidole vyenye oili, na muuzaji hataki kulipokea.

Nimehudumia gari langu mwenyewe kwa miaka saba, chini ya mwarobaini nyumbani Sahare. Marafiki wengi wanaotaka kuanza huniuliza wanunue spana gani. Nawaambia spana ni jambo la mwisho. Nati hufunguka kwa yeyote mwenye subira na soketi ya kipimo sahihi. Kinachowapotezea watu pesa ni kutojua gari lao ni lipi hasa, spea iliyo mkononi imetoka kwa nani, na wapi mkono wao usimame.

Jina la barabarani na jina la kiwandani

Tuanze na hiyo Noah ya Toyota. Jina hilo limebebwa na magari tofauti kabisa; tuchukue mawili. La kwanza, lile tunaloliita old model, liliuzwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001 na jina lake la kiwandani ni SR40. Injini yake, 3S-FE, imelala chini ya viti vya mbele, inasukuma matairi ya nyuma, na ndani yake kuna mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemu zinazofungua vali, ambao unatakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. La pili ni AZR60, la kuanzia 2001 hadi 2007. Injini ni 1AZ-FSE, iko puani, inavuta matairi ya mbele, na badala ya mkanda ina mnyororo. Pampu ya maji ya moja haikai kwenye jingine hata ukiibembeleza. Anayekwambia "Noah zote taimingi yake ni mnyororo, usihangaike" anaweza kukuacha njiani na mkanda uliokatika, kwa nia njema kabisa.

Toyota IST nayo ina mtego wake. NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya sisi 1,300. NCP61 ina 1NZ-FE ya sisi 1,500. Zote mbili ni umbo lile la kwanza, na giaboksi yake ya otomatiki ni ya gia nne za kawaida. Mwaka 2007 likaja umbo la pili, NCP110, lenye injini ile ile ya 1NZ-FE lakini giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Mafuta ya giaboksi hizi mbili hayaingiliani. Giaboksi ya zamani ya NCP61 hunywa mafuta ya aina ya T-IV. CVT hunywa mafuta ya CVT, yaliyotengenezwa ili chuma na chuma vishikane bila kuteleza ovyo. Ukienda dukani ukasema "nipe haidroliki ya IST" bila kusema IST ipi, unacheza kamari na kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari baada ya injini yenyewe.

Jina la kiwandani utalipata sehemu mbili. Moja ni kwenye kadi ya gari, mahali palipoandikwa namba ya chesisi. Nyingine ni kibati kidogo ndani ya boneti, kwa Toyota nyingi kimebanwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kama gari lililetwa kutoka Japani, utaona herufi na tarakimu kadhaa, halafu kistari, halafu tarakimu saba. Sehemu iliyo kabla ya kistari ni ukoo wa gari. Iliyo baada yake ni gari lako peke yake. Herufi za mwanzo hubeba hata jina la injini: S ya SR40 inatoka kwenye 3S, AZ ya AZR60 inatoka kwenye 1AZ, na N ya NCP61 inatoka kwenye NZ. Ukishaliona hilo, kibati kinaanza kusomeka kama jina la mtu na baba yake. Na usishangae tovuti za nje zikikudai namba yenye herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba hiyo. Tafuta katalogi ya magari ya Japani, zipo za bure mtandaoni, inayopokea namba ya chesisi kama ilivyo.

Katalogi itakupa namba ya spea, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza kufunguka. Namba za Toyota kwa kawaida zina tarakimu kumi (nyingine huchanganyika na herufi), tano kwa tano, katikati kistari. Tano za mwanzo zinasema kitu chenyewe ni nini: 90915 ni filta ya oili, 04465 ni pedi za breki za mbele, 17801 ni filta ya hewa, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ya kushoto. Tano za mwisho zinasema ni cha gari lipi. Na kulia ni kulia kwa dereva aliyekaa ndani akitazama mbele, si kwa fundi aliyesimama mbele ya boneti. Nimewahi kuona shokapu zikirudishwa dukani kwa kosa hilo tu.

Nenda dukani na namba hiyo kwenye simu, pamoja na picha ya kibati, na kama inawezekana spea ya zamani mkononi. Wakati mwingine muuzaji atakuonyesha boksi lenye tarakimu za mwisho tofauti kidogo na akuapie kuwa ndiyo hiyo. Inawezekana kabisa, kwa sababu kiwanda kikiboresha kifaa hubadilisha namba na ya zamani hufutwa. Katalogi huonyesha namba iliyorithi, kwa hiyo angalia hapo hapo kaunta kabla hujatoa pesa.

"Orijino" ni neno lenye tumbo kubwa

Sehemu hii inanikera kuliko zote, kwa sababu watu wanaumia bila mtu yeyote kusema uongo. Muuzaji akisema "hii orijino", anaweza kuwa anamaanisha kitu kimoja kati ya vitatu, na vyote vitatu kwake ni kweli.

Anaweza kumaanisha jenuini: boksi lina jina la mtengenezaji wa gari. Anaweza kumaanisha kitu cha kampuni ambayo ndiyo humtengenezea spea huyo mtengenezaji wa gari, ila safari hii kimewekwa kwenye boksi la kampuni yenyewe. Toyota haifinyangi kila kitu kwa mikono yake. Denso hutengeneza sehemu za umeme na plagi, Aisin pampu za maji na klachi, Akebono na Advics breki, KYB shokapu, NGK plagi. Bojointi na tairodi zenye alama ya 555, ambazo kila fundi wa hapa anazijua, zinatoka Japani pia. Mara nyingi, kwa maoni yangu, hapa ndipo mahali pazuri pa kuweka pesa yako, kwa kuwa unapata ubora wa karibu na ule wa kiwandani bila kulipia jina la boksi. Na anaweza kumaanisha mtumba: kifaa kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani au Dubai. "Orijino kabisa, imekuja na gari." Ni kweli. Ila imeshatembea.

Nje ya hao watatu kuna kopi na kuna feki, na hivyo si kitu kimoja. Kopi ni ya kampuni nyingine iliyoandika jina lake waziwazi na kusema kifaa hiki kinakaa kwenye gari fulani. Zipo kopi nzuri na zipo za hovyo, lakini angalau unajua umenunua kwa nani. Feki imebeba jina la mwingine. Hiyo ni wizi, na kwa hapa nchini Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Feki zilizoigwa vizuri huwezi kuzitambua kwa macho pale kaunta, hata kwa wino wa boksi au stika inayong'aa, kwa sababu stika nayo huigwa. Kinachosaidia zaidi ni duka linalokubali kukuandikia risiti yenye jina la kampuni na namba ya spea. Asiyejua alichouza, au anayejua sana, atasitasita kuandika.

Kwa hiyo swali la kuuliza lisiwe "ni orijino?" Uliza: "Imetengenezwa na nani, na ni mpya au imetoka kwenye gari?" Maswali hayo mawili yanatosha kumaliza ubishi.

Mtumba siupingi. Altaneta, stata, taa, mlango, kioo cha pembeni, hata injini nzima iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma, mara nyingi vina maisha mazuri kuliko kopi mpya ya bei ya kutupa. Lakini chochote cha mpira, cha karatasi, au cha kusagika, usikinunue kikiwa kimetumika: pedi, mikanda, mabomba, bushi, bojointi. Mpira huzeeka ukiwa umekaa. Pedi iliyotumika imeshajichonga kufuata diski ya mtu mwingine.

Oili na filta

Kumwaga oili ndiyo kazi ya kwanza ya kujifunza, na kuna imani moja hapa mwambao inayostahili kurekebishwa: kwamba joto la Tanga linataka oili nzito. Chukua oili ya 5W-30. Tarakimu ya kwanza, yenye W, inaeleza inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto ambalo oili hulikaribia injini ikifanya kazi. Kwa injini, asubuhi ya Tanga yenye nyuzi 27 bado ni baridi. Ukiwasha, oili nyepesi inafika juu kwenye kemu upesi, na nzito ya 20W-50 inachelewa. Injini kama 1NZ-FE zina mfumo wa VVT-i, ambao huzungusha kemu kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Zimepimiwa oili nyepesi tangu zinachorwa. Ikiwa injini imechoka na inakula oili, kupanda hadi 10W-40 ni jambo ninaloliunga mkono. Kurukia oili ya lori kwa sababu jua ni kali, hapana.

Kipimo nacho. 1NZ-FE ikibadilishiwa oili pamoja na filta hunywa lita 3.7. Dumu la dukani ni la lita 4, na mkono hutamani kulimaliza. Usilimalize. Oili ikizidi, krenki huipigapiga ikawa na povu, na povu halilainishi kitu. Mimina lita tatu na nusu, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika tano, soma kijiti, ongeza kidogo kidogo. Kinachobaki ni akiba ya kujazia.

Sasa filta, maana hapa nina kisa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua filta mjini kwa sababu boksi lilikuwa na rangi nilizozizoea. Tangu siku ile, kila asubuhi injini ikawa inagonga sekunde tatu nne kabla ya kutulia. Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima wa Makorora. Hakugusa injini. Aliifungua filta, akachukua na nyingine ya kampuni inayojulikana, akazikata zote mbili kwa msumeno wa chuma, akazipanga juu ya gunia. "Tazama mwenyewe, mwanangu." Ile nzuri ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mikunjo myembamba iliyobanana, kilango cha mpira laini mdomoni, na springi yenye kilango kingine. Yangu ilikuwa na mikunjo michache iliyoachana, na mahali pa ule mpira palikuwa na plastiki ngumu.

Kile kilango cha mpira huzuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi filta iwe imejaa na oili ifike juu mara moja. Plastiki ngumu haizibi. Oili ilikuwa inashuka usiku kucha, na kila asubuhi mnyororo wa taimingi ulianza siku mkavu. Kilango chenye springi hufunguka karatasi ikiziba, ili injini ipate walau oili chafu kuliko kukosa kabisa. Huoni chochote kati ya hivyo ukitazama kopo kwa nje. Tangu siku ile filta ni kitu ambacho sikibanii pesa.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nayo. Ukibaki umenata kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, mipira miwili haitazibana, na oili yote inaweza kumwagika barabarani kabla hujafika Chumbageni. Paka oili mpira mpya, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Nati ya kumwagia ni ya spana namba 14. Iwekee washa mpya na usiininginie kwa uzito wako wote. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni laini na uzi wake ukikatika kazi inakuwa nyingine.

Breki, chumvi, na mteremko wa Lushoto

Tunaoishi karibu na bahari tuna adui ambaye vitabu vya gari vya nje humtaja kwa nadra. Upepo wa hapa una chumvi na unyevu, na unaingia kila mahali. Kwenye breki unafanya kazi yake kimyakimya.

Kalipa ni lile pande la chuma linalozibana pedi kwenye diski. Kwenye magari yetu mengi madogo linateleza juu ya pini mbili zilizofunikwa na mipira. Mpira ukichanika, chumvi inaingia, pini inashika kutu, kalipa inaacha kuteleza. Pedi ya ndani inaliwa hadi chuma wakati ya nje bado ina nyama, na gari linaanza kuvuta upande. Mwenye gari anabadilisha pedi, na baada ya miezi minne anazilaumu pedi kuwa feki. Pengine hazikuwa feki. Pini hazikuguswa.

Kwa hiyo ukibadilisha pedi Tanga, kazi yako ni pini. Zitoe, zisugue hadi ziwe laini, kagua mipira, zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi hutokana na mafuta ghafi na huuvimbisha mpira wa breki. Pini itakwama tena upesi kuliko mwanzo. Pedi yenyewe ibadilishe ikifika milimita 3, usisubiri kile kichuma kilie kwenye diski. Unaporudisha pistoni ndani, tazama kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwani mafuta hayo hula rangi. Kisha, kabla ya kusogeza gari hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ikiwa imerudi nyuma, mkanyago wa kwanza unakwenda bure hadi sakafuni. Fikiria ukiligundua hilo getini, gari likiwa linarudi nyuma na watoto wanacheza.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika. Aina za kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunywa unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 3 kavu inatakiwa ihimili walau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanywa maji ya kutosha, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa imelowa. Mjini hutaona tofauti. Panda Lushoto, ukae siku mbili na baridi ya kule, halafu uanze kushuka kuelekea Mombo, kona juu ya kona, mguu ukiwa juu ya breki. Joto linapanda, maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakuwa laini kama sponji pale pale unapoihitaji. Watu husema "breki zimekataa". Zimekataa kwa sababu ya kopo ambalo halijabadilishwa miaka sita. Kwa unyevu wetu mimi nabadilisha kila miaka miwili, na nikishuka Lushoto natumia gia ndogo.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na vile vijinati vya kutolea upepo hapa pwani hukatika kwa kutu. Vipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kikigoma kabisa, acha. Huo ni mpaka mzuri wa kumpigia fundi.

Maji ya kisima kwenye rejeta

"Kulanti ni ya nchi za barafu." Nimelisikia hili kwa watu wenye akili zao timamu, na nusu yake ni kweli: hapa maji hayagandi. Lakini kulanti ina dawa za kuzuia kutu ndani ya injini yenye aluminiamu, chuma na shaba vikiwa pamoja, na bila dawa hizo metali huanza kulana. Halafu kuna maji yenyewe. Nenda mapango ya Amboni uone maji yanavyoweza kuyeyusha mawe ya chokaa na kuyajenga upya mahali pengine, tone kwa tone. Visima vingi vya ukanda huu vinachota kwenye mawe ya aina hiyo, na vingine vina chumvi kidogo. Maji hayo yakichemshwa kila siku kwenye vijia vya rejeta huacha ukoko ule ule unaouona kwenye birika. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari. Ukikwama njiani weka maji safi yoyote ufike, kisha uyamwage.

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Hubana mfumo hadi kama baa 1 juu ya hewa ya nje, na kwa shinikizo hilo maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Ndiyo maana gari likichemsha hufungui kifuniko likiwa moto: maji yaliyobanwa hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Na mpira wa kifuniko ukichoka, gari litachemsha bila pampu wala feni kuwa na kosa. Anza na kifuniko, ni cha bei ndogo.

Kutoa thamostati, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto, ili "injini ipumue" ni tabia nyingine ya kuacha. Thamostati ya Toyota nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82. Bila hiyo injini hukaa baridi muda mrefu na hula petroli zaidi, na kwenye injini nyingi sehemu ya maji hupitia njia ya mkato bila kugusa rejeta kabisa, tena pale pale injini inapohitaji kupoozwa.

Pima, ndipo ununue

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kompyuta husema inalalamikia wapi. Haisemi ununue nini. Msimbo P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta au waya, na nimeona watu wakinunua koili nne kwa msimbo mmoja. Kwenye 1NZ-FE kila plagi ina koili yake juu, imeshikwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Zima gari, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya pili, na ya pili ije ya kwanza. Futa msimbo, endesha, pima tena. Ukigeuka kuwa P0302, ugonjwa umehama na koili, nunua moja. Ukibaki P0301, koili ni nzima. Jaribu hivyo hivyo kwa plagi. Robo saa ya kazi, bila kutoa senti.

Betri nayo hupimwa kabla ya kulaumiwa. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa. Futa pia ule ukungu mweupe au wa kijani vichwani mwake, hapa pwani huota haraka.

Kuna mahali mimi mwenyewe siendi. Springi ya shokapu iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya, kwa hiyo shokapu yangu hukusanywa gereji yenye kibanio cha kuaminika. Airbag siigusi. Nyaya za rangi ya machungwa kwenye gari la haibridi zinabeba umeme unaoua. Mkanda wa taimingi ukikosewa meno, baadhi ya injini zinaweza kuharibika. Na siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi za kuokota soketi. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Nina stendi mbili za chuma, na kwa kuwa ua wetu ni mchanga, kila stendi inakaa juu ya kipande cha ubao mnene wa mninga.

Inabaki oili chafu. Mtaani kwetu wengine huimwaga nyuma ya choo, mahali ambapo mawe ni ya matumbawe yenye matundu na kisima cha jirani kiko hatua thelathini. Mimi huichuja kwenye dumu la kale, na filta naiacha ijidondoshe usiku kucha juu ya kopo. Seremala wa mtaa wa pili huja kuchukua, anaitumia kupaka miguu ya nguzo za mbao dhidi ya mchwa. Mwezi uliopita alikuja na madumu mawili, akaniuliza kama najua wengine wanaomwaga oili nyumbani.